Mwaka wa Bwana Abakari

Mwaka juzi nilikwenda Pemba, mji wetu wa huku bara, si kile kisiwa, kutazamwa macho, na pale hospitalini, kwenye benchi la kusubiri, mwanamke mmoja wa Mosimboa aliniambia kwamba Mwalimu Mwanaisha yu hai. Nilimshika mkono nikamwomba arudie. Mimi nilikuwa nimeshamlilia. Tulipokimbia vita Mosimboa, kila mtu na njia yake, habari iliyonifikia mimi Palma ilikuwa kwamba bibi yule alibaki ndani kwa sababu ya miguu yake, na aliyebaki ndani siku zile tulimsomea Yasini bila kuuliza zaidi. Kumbe watu walimtoa, wakampokezana mpaka pwani, na sasa alikuwa kwa binti yake Safina, hapo hapo Pemba, nyuma ya soko la samaki. Nilitoka hospitalini macho bado yamejaa dawa, naona kila kitu kwa ukungu, nikaenda nikiuliza nyumba kwa nyumba. Nilikuwa na furaha. Nalisema hili kwa sababu furaha ile ilinidumu mpaka kizingitini tu.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, amekuwa mdogo kama mtoto, macho yake meupe hayaoni tena. Nilitoa salamu. Kabla sijataja jina akasema, "Hiyo sauti ya Zainabu wa Mbau." Miaka karibu thelathini. Nilipiga magoti, akaushika mkono wangu wa kulia, akaita watu wa nyumba kwa sauti ambayo sikutegemea kifua kile bado kinayo. Wakaja: Safina na mikono yenye unga, jirani wawili waliokuwa wakichambua kunde uani, wajukuu. "Mwangalieni huyu," akawaambia. "Ndiye aliyemtunza marehemu Abakari. Msichana wa miaka kumi na saba, si damu yake, wala hajawahi kumwona. Alimlisha kwa mkono huu. Mkono huu mnaouona, Mwenyezi Mungu aliupitishia rehema yake." Akauinua akaubusu. Jirani wakasema mashaallah. Safina alinitazama muda, kisha akacheka kicheko kifupi. "Karibu, dada. Mimi nakujua vizuri. Kila nikikosana na mama nasikia jina lako. Zainabu asiye mwanawe alimpa baba yako maji, wewe mwanawe hukuja hata kumzika. Hivyo ndivyo ninavyoambiwa." Alisema kwa utani, mbele ya watu, lakini aliposema neno mwanawe aligeuka kutazama uani.

Nilikaa kwenye kigoda walichonipa, mkono wangu bado umeshikwa. Nikatamani ardhi ipasuke. Nitaeleza mwaka ule ulikuwaje, kisha nitarudi kwenye chumba kile.

Nilikuja Mosimboa kusoma darasa la nane. Vita vya kwanza vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, barabara ya kutoka kwetu Mbau imefunguliwa, na waliokuwa na binti mwenye akili walitafuta pa kumweka mjini. Mimi niliwekwa kwa Mwalimu Mwanaisha. Nyumba yake ilikuwa ya mawe na udongo, na chumba cha mbele kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kwa sababu hapo ndipo alipofundisha Kurani wanawake na wasichana. Asubuhi nilikwenda eskola, shule ya serikali, kusoma Kireno, mchana nilirudi kusoma kwake. Chumba kile kilinukia ukili na mafuta ya nazi, na kila mtu alikuwa na pahala pake kwenye jamvi. Pahala pangu palikuwa karibu na goti la Mwalimu. Nilikuwa na sauti. Nilikuwa nashika haraka. Aya ambayo wenzangu waliihangaikia juma zima mimi niliimaliza kati ya adhuhuri na alasiri. Wanawake waliozaa walikuwa wakiniomba niwasomee waigize. Nikajiona. Leo, nikifundisha wasichana wangu Palma, yule mwepesi wa kushika ndiye ninayemwogopea kuliko wote, na sijawahi kumweleza yeyote kati yao kwa nini.

Bwana Abakari aliletwa asubuhi moja ambayo hatukwenda eskola. Tulikuwa kwenye sura ya Wadhuha, pale Mola anapomwambia Mtume yatima usimwonee na mwombaji usimkaripie, nikasikia gari limesimama. Watu wawili walishusha kitu kwenye mkeka, wakakilaza barazani, wakaweka mfuko wa nguo pembeni. Mmoja akachungulia mlangoni. "Mwalimu, tumekuletea mwenyewe. Kule Mtwara mkewe amefariki, na ndugu wa mke wanasema huyu ana kwake." Mwalimu hakunyanyuka. Aliwaambia ahsanteni, kisha akatugeukia na kutuanzia aya inayofuata, "Wamma bi niimati." Tukamaliza sura. Akatusomesha tena tangu mwanzo, taratibu, kama siku nyingine yoyote, na mwanaume yule amelala barazani nzi wanamtulia. Baada ya kufunga misahafu ndipo alipokwenda mlangoni, akasimama akimtazama. Alikuwa ameanguka kwa kiharusi. Upande wa kulia wote umekufa, mdomo umepinda. Machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja tu. Mwalimu akasema, "Umekonda, Abakari." Akatuita tumsaidie kumwingiza ndani.

Ilinichukua siku chache kujua huyu ni nani, na nilijua kwa kusikiliza jikoni. Bi Fatuma, jirani wa ukuta mmoja, alikuja na kisingizio cha moto wa mkaa. "Miaka kumi na tisa, Mwanaisha! Alipanda chombo akasema anakwenda kununua nguo za kuuza, akakuacha na mtoto mgongoni. Akaoa kule. Akala ujana wake kule. Leo amebaki mifupa ndiyo unamrudisha?" Mwalimu alikuwa anapara samaki, nilisikia kisu hakikusimama. "Nimempokea mgonjwa," akajibu. "Mume sijampokea." Bi Fatuma akasema, "Watu watacheka." Mwalimu akasema, "Wacheke. Wakishiba kucheka, mmoja wao aje amgeuze ubavu, mimi mgongo unaniuma." Safina wakati ule alikuwa ameshaolewa Pemba. Alitumiwa habari, na jibu lake lilikuja kwa mdomo wa msafiri: baba yangu alikufa siku aliyopanda chombo. Mwalimu aliposikia aliitikia kwa kichwa tu, hakumlaumu. Kumlaumu kulikuja miaka ya baadaye, na sasa najua kulikuja kwa sababu ya mfano wangu.

Tulimweka chumba cha uani, chenye dirisha dogo linalotazama njia. Kazi tukagawana. Mwalimu alimwosha, akamkanda kwa mafuta ya ufuta asubuhi na jioni. Mimi nilimlisha mchana, nikafua vitambaa vyake, na nikakaa naye Mwalimu akiwa na darasa la wakubwa. Siku moja nilipita na ndoo nikasikia Mwalimu anazungumza mle ndani, nikasimama. "Hata barua, Abakari. Hata salamu kwa mtu, aniambie yu hai. Mtoto aliumwa surua nikamlaza mapajani siku tisa, nikawa nasema akifa nitamwambia nani? Hujanipa hata talaka nijue moja." Alikuwa analia kwa hasira, maneno yanamtoka makali kabisa. Nikachungulia nione kama anampiga. Alikuwa ameushika ule mkono uliokufa, anaupaka mafuta kidole kimoja kimoja, anakunjua na kukunja, polepole, kama mtu anayeogopa kumwumiza mtoto. Ulimi na mikono vilikuwa vya watu wawili tofauti. Nilikwenda zangu nikifikiri kwamba Mwalimu ni dhaifu. Ndiyo fikra niliyokuwa nayo. Niliona ulimi ndio unaosema kweli na mikono inajidanganya.

Na mimi nikachukua kazi ya ulimi. Nilimchukia Bwana Abakari kwa niaba ya Mwalimu, nikahesabu chuki ile kuwa ni heshima kwake, tena ni dini. Alikuwa amebaki na maneno manne matano tu: maji, ee, basi, kanipa, na jina la Mwanaisha ambalo alilitamka Mwaisha. Alipoita maji nilijibu kwanza, "Subiri," hata kama sina ninalofanya. Uji wake nilimpa haraka, kijiko juu ya kijiko, ukamtoka pembeni ya mdomo, nikamfuta kwa nguvu. Alipenda kutazama njia; nilipombadilishia shuka nikawa namlaza ameelekea ukuta, na nikasema nimesahau. Nilikuwa namwambia maneno, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. "Ungekaa na mkeo ungekuwa na watoto wa kukufulia." Alikuwa anafumba macho. Hakuna lolote katika haya ambalo mtu angeliona akapiga kelele. Mwalimu alipoingia alimkuta mgonjwa msafi, ameshiba, shuka limenyooka, nami nimekaa pembeni na msahafu. Akaanza kunisifu kwa watu. Bi Fatuma akawa ananiita mtoto wa peponi. Nami nikawa naitikia.

Mfungo Sita ulipofika, wanawake wa mtaa waliandaa Maulidi kwenye ua wa nyumba kubwa karibu na msikiti. Mwalimu alinichagua nisimame baada ya kisomo niwaeleze wanawake juu ya huruma ya Mtume. Nilijitayarisha mwezi mzima. Nilichagua hadithi ya yule msafiri aliyeshikwa na kiu, akashuka kisimani akanywa, alipopanda akamkuta mbwa anaramba tope kwa kiu, akasema kiu iliyonipata mimi ndiyo iliyompata huyu, akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakibana kwa meno akapanda, akamnywesha, na Mungu akamsamehe. Niliisoma mbele ya kioo cha kabati. Nilijua pa kuteremsha sauti na pa kunyamaza. Nilishonewa gauni jeupe la mikono mirefu, nguo ya kwanza mpya tangu nije mjini, na Mwalimu akaniazima kapulana yake, kile kitenge cha harusi, nijitande.

Siku yenyewe Mwalimu alitangulia tangu asubuhi kwenda kupika. Mimi nilitakiwa nikae na mgonjwa mpaka baada ya adhuhuri, Bi Fatuma aje anipokee, ndipo nitoke. Nilimlisha mapema, nikaoga, nikavaa, nikatia wanja. Adhuhuri ikapita. Bi Fatuma hakuja. Alikuwa na mjukuu mwenye homa, sikujua. Nikaanza kusikia sauti za dufu kutoka ule upande wa msikiti, na kila kishindo kilinipanda kichwani. Ndipo akaita. "Maji." Nikajifanya sikusikia. "Maji." Kopo lilikuwa sakafuni karibu na kitanda, limejaa. Kumpa ilikuwa nimkalishe, nimshike kichwa, na akishanywa, nilijua, baada ya muda mfupi atajikojolea, nami nitamvua, nitafua, nikiwa na gauni jeupe. Nilimwambia, "Utakunywa Bi Fatuma akija." Akanyoosha mkono ule mzima kulielekea kopo. Nikaogopa atalimwaga, nipate kazi nyingine. Basi nikaliokota nikaliweka juu ya dirisha. Alilifuata kwa macho mpaka lilipotua. Kisha akanitazama mimi. Nilijitanda, nikatoka, nikaegesha mlango wa mbele.

Nilisimama mbele ya wanawake wale wote nikasema kama sijawahi kusema. Nilipofika kwa mbwa anayeramba tope nilinyamaza kidogo, kama nilivyopanga, na nikasikia mtu anavuta kamasi. Nikawasomea Kiarabu chake, kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, mna thawabu. Walilia. Walininyunyizia marashi. Mwalimu alikaa mbele na mikono yake imejaa harufu ya vitunguu, ananitazama kama mtu anayeangalia shamba lake limezaa. Nilikula biriani. Nilikula vizuri, mgonjwa sikumsahau, wala sikuwa na wasiwasi. Nataka hilo lijulikane, maana kwa muda mrefu nilijisimulia kwamba nilikuwa na haraka ya kurudi.

Tulirudi pamoja, mimi na Mwalimu, jua bado lipo. Tulipokaribia tukamsikia Bi Fatuma anapiga kelele uani. Alikuwa amefika muda huo huo. Bwana Abakari alikuwa kwenye ardhi, nje ya mlango wa chumba chake, karibu na mtungi. Alikuwa amejiangusha kitandani na kujiburuta kwa mkono mmoja na goti moja mpaka hapo. Kiwiko kimechubuka chote, paji la uso limepasuka kwenye kizingiti. Alijaribu kuushika mtungi akauangusha, ukavunjika, maji yakamwagika, na tulimkuta ameweka shavu kwenye udongo uliolowa, mdomo wazi, na ulimi wake una tope. Nilisimama na gauni langu jeupe linalonukia marashi. Hakuna aliyenitazama. Wale wawili walimnyanyua wakamrudisha ndani, nami nikafuata nyuma nimeshika kapulana isiburuke.

Mwalimu alimwosha mdomo. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, "Zainabu, ulimpa maji kabla hujatoka?" Nilifungua kinywa. Sijui nilitaka kusema nini. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu la kweli ni kwamba nilitaka kusema ndiyo. Sikuwahi. Bwana Abakari aliwahi. "Kanipa," alisema. Mwalimu akainama. "Nini?" Akajikaza, shingo ikamsimama mishipa, akatafuta maneno ambayo hakuwahi kuyatoa tangu aletwe. "Kanipa. Mi'... memwaga." Na kwa mkono wake mzima akajigonga kifuani, kuonyesha ni yeye. Kopo lilikuwa juu ya dirisha, nyuma ya Bi Fatuma. Nilimwona Bwana Abakari analitazama, kisha analiacha.

Hasira ya Mwalimu ikamwangukia yeye. "Kwa hiyo ulipewa, ukamwaga, hukuweza kusubiri? Umekuwa mbishi tangu ujana wako! Hujawahi kukaa pahala mtu alipokuweka. Ulitaka ufe mlangoni kwangu watu waseme Mwanaisha kamlipizia mumewe?" Siku tatu hakusema naye neno. Alimwosha, alimkanda, alimgeuza, yote kama kawaida, ila kimya. Yeye alikuwa anamwita, "Mwaisha. Mwaisha." Sauti ile ilikuwa inapita ukuta wa udongo na kunifikia chumbani kwangu nikiwa na madaftari ya eskola, na neno moja langu lingeikomesha. Nilikuwa naziba masikio nikahifadhi vitenzi vya Kireno.

Siku ya nne Mwalimu alizungumza naye tena, lakini homa ilikuwa imeshaanza. Mhudumu wa afya alikuja, akasikiliza kifua, akasema wanaolala sana mapafu hushika maji. Hakusema ni kuanguka, wala hakusema si kuanguka. Mimi sasa nilikuwa mwema kwa kweli. Nilimlisha kijiko kimoja kimoja kwa subira, nilimgeuzia njia, niliacha hata mtihani mmoja nikae naye. Kila mara nilijiambia leo nitasema. Mchana mmoja tulikuwa peke yetu, nikaweka bakuli chini. "Bwana," nikasema, "ile siku ya Maulidi..." Akanitazama kwa macho yake yote mawili. Akaniwekea mkono wake juu ya mkono wangu, mkono una joto la homa, akasema, "Basi." Nikanyamaza. Nilifurahi kunyamaza. Leo ni mtu mzima, nimezika mume, nimelea, na neno lile bado linanigeukia huku na huku. Basi ya yamekwisha, mwanangu? Au basi ya usinisumbue, niache nife? Aliyekuwa na maneno manne tu alinipa moja, nami sikuwa na ujasiri wa kumwuliza maana yake. Alifariki siku ya kumi na nane baada ya Maulidi. Kwenye hitima Mwalimu alisimama akawaambia wanawake wote kwamba kama kuna mtu aliyepata thawabu ya mgonjwa yule, ni huyu mtoto wa watu. Wakaniombea dua. Nikainua viganja nikasema amina. Mwisho wa mwaka nilifaulu, nikahamishiwa eskola nyingine, na nikamkimbia Mwalimu kwa njia ya heshima: salamu za Idi, zawadi kwa mtu anayekwenda, samahani sikupata nafasi.

Nilijifunza juu ya rehema zaidi kuliko vile nilivyofundishwa, lakini kutoka kwa mtu niliyemwona hastahili. Aliyemwacha mkewe miaka kumi na tisa alinisitiri mimi kwa pumzi ambayo hakuwa nayo, na sikuwa nimemwomba. Sijui alifanya hivyo kwa nini. Pengine alijua ladha ya kuwa mkosaji ndani ya nyumba ile na hakutaka tuwe wawili. Tangu hapo nimetakiwa mara nyingi kutoa mawaidha, na hadithi ya mbwa sijaitamka tena. Nikiulizwa nasema wenzangu wanaijua vizuri zaidi.

Basi nilikuwa kwenye kigoda kile Pemba, mkono wangu umebusiwa, na Safina anatazama uani. Kama sifa ile ingekuwa inanipamba mimi tu, najijua, ningeinyamazia mpaka kaburini. Lakini ilikuwa imegeuzwa fimbo, na aliyekuwa anachapwa nayo miaka yote alikuwa mbele yangu na unga mikononi. Jirani walirudi kwenye kunde zao, wajukuu wakatoka. Nikasema, "Mwalimu, sikumpa maji." Akasema, "Eh?" Nikamweleza. Nilimweleza uji, ukuta, gauni, dirisha. Sikulia, maana niliona kulia kungekuwa kumwomba aninyamazishe. Katikati ya maneno mkono wake uliuacha wangu.

Kisha akauliza, "Kopo uliliweka juu ya dirisha?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Akawa analiona?"

"Akawa analiona."

"Mimi nilimnunia siku tatu," akasema. "Alikuwa na siku kumi na nane zimebaki, mimi nikala tatu. Alikuwa ananiita. Wewe ulikuwa unasikia anavyoniita?"

"Nilikuwa nasikia."

"Nikamwambia mbishi. Kumbe siku ile hakuwa mbishi. Ndiyo siku pekee aliyofanya jambo la mtu, nami nikamtukana." Sauti yake ilipasuka. "Ungeniambia hata siku ya pili, Zainabu! Ningemwomba radhi akiwa anasikia. Sasa nimwombe nani?"

Nilidhani aibu yangu ni deni langu na marehemu. Sikujua kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kunamwibia Mwalimu kitu kila siku. Alijigeuza, kwa shida, akaupa uso ukuta. Safina alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alikaa kizingitini akafunika uso kwa mikono ya unga. "Mama," akasema, "miaka yote hii." Nikaokota mfuko wangu, nikanyanyuka taratibu.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mwalimu, bado amegeukia ukuta.

"Naondoka, Mwalimu."

"Umekula?"

"Sijala. Lakini siwezi..."

"Sikukuuliza kama unaweza. Umetoka hospitalini na njaa yako. Nimekukasirikia, Zainabu, nimekukasirikia sana, na sijui kama itakwisha, mimi mtu wa kuondoka. Safina, mpakulie."

Safina alijifuta, akaenda, akarudi na ugali na samaki wa kuchemsha, akaniwekea maji ya kunawa. Hakunitazama, lakini alikaa upande wa pili wa sinia, akanawa na yeye. Nikamega tonge. Nikalila bila kuchovya, nikamega jingine. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Mwalimu amenigeuzia mgongo, mabega yake madogo hayatikisiki, nikadhani amelala.

"Safina," akasema, "mwongeze mchuzi. Nasikia anakula ugali mkavu."